Kifaru Huzimika Tukiwa Saba

Shuleni, bweni la juu
9 Februari

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nimezoea kuanza barua kwa salamu ndefu, lakini najijua: leo nikianza hivyo nitafika chini ya karatasi sijasema kitu. Kwa hiyo natanguliza jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Siku ile Kifaru, gari letu, alipozimika barabarani na mdogo wangu akavunjika mkono, nadhani ni mimi niliyemzima.

Haya, sasa salamu. Mimi ni mzima. Chakula cha shule hakijabadilika, nami nimeacha kukitarajia. Nimemaliza vitabu vyote vya rafu ya tatu maktabani, na mkutubi ananitazama kama panya aliyezoea ghala. Mdogo wangu amefunguliwa plasta. Anasema mkono unanuka, na anamnusisha kila mgeni. Bibi mzaa Baba hajambo, bado anasimulia ajali kana kwamba alikuwa macho. Alikuwa amelala tangu tulipotoka, kinywa wazi.

Najua ulisikia maneno ya Baba tu, kwa hiyo nakueleza mimi. Jumapili ile Baba alikuwa amesafiri kikazi na Mama ndiye aliyekuwa anaendesha. Garini tulikuwa saba: Mama na Bibi mbele, wadogo zangu watatu katikati, mimi na binamu nyuma kabisa. Unavijua viti vya nyuma vya Kifaru, vimetengenezwa kwa watu wasio na magoti. Nilitaka kufungua kitabu. Nikavuta kile kishikio cha kiti kilicho mbele yangu, nikakisukuma kiti kwa magoti, kidogo tu, mdogo wangu akiwa amekikalia. Nikasikia "tak". Papo hapo dashibodi ikawa nyeusi, taa kubwa zikazima, injini ikanyamaza. Mama alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Usukani umekuwa mzito." Halafu tukagonga ukingo wa karavati.

Baba aliporudi akasema Mama alisinzia, kwa kuwa alikuwa ametoka zamu. Kifaru akabebwa kwenye lori hadi huko mjini, kwenye karakana ya kampuni unakofanya kazi. Akakaa siku tisa, akarudi na karatasi: "Limejaribiwa. Hakuna hitilafu." Baba akaibandika kwenye jokofu kwa sumaku, na funguo zikahamia mfukoni mwake. Wewe unaijua kazi ya Mama, kuzunguka zahanati za mbali kupima watoto uzito. Bila gari haiwezekani. Wamemhamishia dirisha la kadi. Nesi mwenye miaka kumi na sita kazini anaandika namba na kusema "anayefuata".

Mama hakujitetea. Mimi pia sikumtetea. Baba aliponiuliza niliona nini, nilijibu kwamba nilikuwa nasoma. Ilikuwa nusu ya kweli, na ndiyo maana inaniuma.

Wewe ni fundi umeme wa magari. Nijibu swali moja tu: kiti kinaweza kuzima gari?

Mpwa wako,
Karani


Mjini
14 Machi

Kwa Karani wangu,

Marahaba, na marahaba nyingine ya kuomba radhi kwa kuchelewa. Barua yako ilifika mapema, mimi ndiye nilikuwa sifiki. Karakana imejaa mpaka magari mengine yanalala nje ya geti. Wiki iliyopita mwenzetu alikalia maji ya betri bila kujua. Mchana alipoinuka kwenda kula, suruali ilibaki imegawanyika kama mkeka wa zamani. Alikula amesimama, mgongo ukutani. Mkaza mjomba wako anakusalimu. Pacha wamejifunza kupiga mluzi, kwa hiyo nyumba haina amani tena.

Kuhusu swali lako: kiti ni cha kukalia, Karani. Gari lina waya nyingi kuliko nywele za kichwa chako, na hitilafu inaweza kutoka popote au isitoke kabisa. Kifaru alijaribiwa kilomita kumi kama fomu inavyotaka, akaenda kama maji mtoni. Tangu amerudi amezimika? Hajazimika. Basi acha kujitwisha mzigo usio wako. Mtoto wa miaka kumi na tano hazimi gari kwa magoti.

Mama yako ni dada yangu mkubwa, amenilea. Namjua. Ana kifua cha kuhifadhi mambo, na hili nalo litapita. Baba yako naye mwache. Wazee walisema mwenye nguvu mpishe. Wewe soma kemia.

Nimekutumia kalamu mbili, ya bluu na nyekundu.

Mjomba wako,
Fundi


Shuleni
2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Kalamu zimefika salama. Umezifunga kwa tepu nyeusi, na juu ya tepu uzi mweupe mizunguko mitatu na fundo, kama unavyofunga kila kitu. Mwenzangu wa kitanda cha juu aliuliza kama ndani kuna mgonjwa. Kemia nimepata sabini na moja. Kwaya imenikataa, nami sikuwa nimeomba; mwalimu alinisikia nikikohoa tu.

Jumapili ilikuwa siku ya wazazi kututembelea. Baba aliendesha. Mama alikaa kiti cha mbele amepakata mkoba, kama mgeni aliyepewa msaada wa safari. Bibi alimwambia, "Afadhali hivi, mwanangu, utapumzika." Mama akasema, "Ahsante, Mama." Gari likisimama nilikuwa dirishani mwake, nikatazama chini. Mguu wake wa kulia ulikuwa unakanyaga breki ambayo haipo.

Magari ya wazazi huegeshwa kwenye uwanja wa mpira. Baada ya kula niliyatazama, nikaona ya aina moja na Kifaru yako matano mengine. Mjomba, unanijua. Mezani siwezi kuomba chumvi. Lakini nilichukua daftari nikaenda dirisha hadi dirisha.

Wa kwanza alikuwa muuza matofali, mtu mnene mwenye watoto wengi na mke anayecheka. Nilisimama pale nikaisahau sentensi niliyoiandaa. Akaniuliza, "Binti, unauza nini?"

Nikasema siuzi, nauliza kama gari lake limewahi kuzimika lenyewe.

Mkewe alicheka mpaka akaweka sahani chini. "Hili? Hili huzimika kama mwenyewe akishakula."

Mara tatu limezimika. Mara mbili walilipeleka karakana ya kampuni, na mara zote mbili likarudi na karatasi ya hakuna hitilafu. Mfamasia mmoja alisema kwake vioo hushuka vyenyewe, honi inalia, halafu giza. Mwalimu mmoja wa kike aliambiwa karakana kwamba labda hajui kutumia funguo. Ana leseni tangu kabla sijazaliwa.

Kwa kila mmoja niliuliza swali la mwisho: mlikuwa wangapi ndani? Saba. Saba. Sita na mizigo. Saba. Saba. Hakuna hata mmoja ambaye gari lilimzimikia akiwa peke yake. Gari likijaa, Mjomba, lazima kiti cha katikati kisogezwe mbele ili wa nyuma wapate pa kuweka miguu. Likiwa na mtu mmoja, hakuna anayekigusa.

Jambo jingine. Ile karatasi ya kwenye jokofu ina sahihi ya fundi aliyejaribu gari. Haina jina, ni mkunjo tu, na mkia wake unarudi nyuma na kujizungusha mara mbili. Barua zako ninazo zote tangu nina miaka saba.

Mlikuwa wangapi ndani ya Kifaru ulipomjaribu?

Karani


Mjini
20 Mei

Karani,

Marahaba. Hatujambo. Pacha wana mafua.

Nilikuwa peke yangu. Umeridhika? Fundi hujaribu gari peke yake. Fomu ina mstari wa dereva, haina mstari wa abiria. Hakuna karakana inayoazima watoto ili ijaribu gari. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo tunavyofanya, na hajawahi kutokea mtu wa kuuliza, hata waliosoma kuliko wewe.

Sasa nisikilize, maana nimechelewa kukujibu kwa kutafuta maneno mazuri na sikuyapata. Unazungukia watu wazima na daftari. Watu wana midomo. Maneno yakimfikia msimamizi wetu, atauliza mtoto huyo ni wa nani, na jibu litafika mezani kwangu. Nina miaka kumi na moja hapa. Nina mke, nina pacha. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Funga hilo daftari, na habari za sahihi usimwambie mama yako.

Kifaru hatazimika tena. Nakuhakikishia.

Mjomba


Shuleni
3 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Poleni na mafua. Mimi sijambo, ila sijalala vizuri kwa sababu ya sentensi yako ya mwisho.

Mtu aliyelijaribu gari asione kitu angeandika "huenda halitazimika". Wewe umeandika "nakuhakikishia". Umejuaje?

Methali yako nimeisoma. Guu limeshavunjika tayari, ila lilikuwa mkono, na mwenyewe ana miaka sita. Mimi pia nina methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sifungi daftari. Nakuheshimu kama nilivyokuheshimu siku zote, lakini sifungi.

Jumapili iliyopita wazazi walikuja tena. Nilimwomba muuza matofali aniruhusu kujaribu kitu. Akasema, "Jaribu, mradi usilikojolee." Gari limesimama, breki ya mkono juu, injini inaunguruma, redio inazungumza. Nikaingia nyuma kabisa, nikavuta kishikio, nikasukuma kiti kwa magoti. Hakuna kitu. Nikasukuma tena. Redio ikaendelea kuzungumza. Watu walikuwa wameanza kukusanyika, na wasichana wa kidato cha nne walisimama wakinitazama. Nilitamani kujikunja niingie ndani ya daftari.

Muuza matofali akasema, "Binti, labda linakuonea haya."

Nikakumbuka kwamba mdogo wangu alikuwa amekikalia kile kiti. Nikamwomba amkalishe mwanawe mkubwa. Kijana akakaa kwa uzito wake wote. Nikasukuma.

Tak. Redio ilikatika katikati ya neno. Dashibodi nyeusi, injini kimya. Uwanja mzima ulisikia ule ukimya.

Mkewe safari hii hakucheka. Alimgeukia mumewe akamwambia, "Mwaka mzima unaniambia nimebonyeza kitu."

Muuza matofali alijikuna shingo. "Nami niliambiwa na wenye gari."

"Wenye gari ni sisi," akasema mkewe.

Wenye magari wameandika majina daftarini na kuweka sahihi, wote watano. Yule mwalimu mwenye gari amenisahihishia koma mbili. Baba hakuwepo, alikuwa ofisini kwa mkuu wa shule kuhusu ada ya mabweni. Mama alikuwepo. Alisimama mbali kidogo na mkoba wake, akaniangalia nikishuka kutoka kwenye gari la watu. Nilishindwa kumwambia mbele ya watu kwamba siku ile ni magoti yangu yaliyosukuma kiti.

Likizo inaanza tarehe nane Julai. Nitamwambia nyumbani, na Baba akiwepo. Ningependa kwanza nisikie kutoka kwako.

Karani


Mjini
24 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba. Leo sina cha kukuchekesha.

Siku ya nane Kifaru akiwa karakana nililiinua zulia chini ya kiti. Wengine wote walikuwa wamekwenda kula. Reli ya kiti ilikuwa imelalia fungu la waya, na waya tatu zilikuwa zimekwaruzwa mpaka shaba inang'aa. Sikushangaa. Lilikuwa gari la kumi na moja kuliona hivyo. Tangu mwaka jana msimamizi alitukalisha akasema: kilichoko chini ya zulia ni mambo ya kiwanda, nyinyi andikeni mlichokiona barabarani. Maana likiandikwa moja, itabidi yaitwe yote yarudi kutengenezwa.

Kwa magari ya watu nilirudisha zulia nikaandika nilichoambiwa. Kwa la dada yangu sikuweza. Nilizifunga zile waya, nikazisogeza mbali na reli, nikalaza zulia nikalipiga brashi lisionekane limeguswa. Nikajiona nimefanya wema: gari limepona, na mimi nina kazi. Kisha nikaandika maneno yale yale.

Sikujua karatasi itabandikwa kwenye jokofu. Uliponiandikia Februari ndipo nilipojua, na bado nikakwambia usome kemia. Nilimtibu dada yangu kwa siri nikamwacha na aibu ya hadharani.

Nimeanza kumwandikia mara nne. Kila mara nafika kwenye salamu nakwama. Ndiye aliyenifundisha kushika sindano, tukiwa wadogo, wakati mama yetu anaumwa.

Ukishasoma barua hii, ichane.

Mjomba


Nyumbani
15 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Huku sote wazima. Mdogo wangu amerudi kukwea ukuta wa jirani kwa mkono ule ule. Bibi amepata miwani mipya na sasa anaona vumbi lisilokuwepo. Nakuandikia ili ujue nilichofanya, kwa mpangilio wake, bila kuongeza.

Jumamosi baada ya chai niliwaomba wote watoke tuende alipo Kifaru. Baba alisema ana kazi. Nikasema nitasubiri amalize, nikakaa kwenye ngazi na daftari. Alimaliza haraka.

Nilianza na magoti yangu. Niliwaambia jinsi nilivyosukuma kiti, nilivyosikia "tak", na kwamba dashibodi ilizima kabla Mama hajakosea chochote. Nilisema niliona, na kwamba niliposema nilikuwa nasoma nilikuwa najificha.

Baba akasema, "Karatasi inasema hakuna hitilafu."

Nikamwambia karatasi ile iliandikwa na mtu mmoja aliyejaribu gari tupu, na sisi huzimikiwa tukiwa saba. Nikamsomea majina matano. Akanyoosha mkono kuchukua daftari. Sikumpa. Nikampa kijiko.

Kijiko kilikuwa cha kubandulia ukingo wa plastiki unaoshikilia zulia. Akakipokea, akapiga magoti, maana mimi tayari nilikuwa nimepiga yangu upande wa pili. Tukalikunja zulia. Waya zilikuwa pale, zimevutwa pembeni mwa reli, na kwenye reli kulikuwa na alama ya shaba iliyosuguliwa. Tepu nyeusi. Juu yake uzi mweupe, mizunguko mitatu na fundo.

Jina lako sikulitaja, Mjomba. Barua yako ilikuwa ndani ya daftari na ilibaki humo. Lakini Mama aliinama akaweka kidole juu ya lile fundo.

"Fundo langu hili," akasema. Kisha akasema, "Kumbe aliona."

Bibi akasema yeye tangu mwanzo alijua ni waya.

Mama akamwambia Baba, "Miezi sita nimelala nikijiuliza kama nilisinzia. Nimejihukumu mpaka nikaanza kuamini."

Baba akasema, "Mimi niliuliza, mke wangu. Nilipeleka gari wakaniambia."

"Uliliuliza gari. Mimi hukuniuliza."

Alinyoosha mkono, kiganja juu, akangoja. Sikuwahi kumwona Mama akingoja namna ile, bila kuinamisha macho. Baba alitoa funguo mfukoni akaziweka pale. Baadaye nilipoingia jikoni nilikuta jokofu lina sumaku tupu.

Kuhusu wewe alisema jambo moja tu, wakati wa kuosha vyombo: "Fundo amelifunga vizuri." Nimeliandika kama alivyolisema. Maana yake utaijua wewe, ni dada yako.

Jumapili nilikaa nikaandika barua kwa kampuni, kurasa mbili. Nimeeleza kiti, kishikio, reli na idadi ya watu. Nimeeleza kwamba magari hujaribiwa matupu na kwamba huko si kujaribu. Nimeandika kwamba yaitwe yote. Mama ameweka sahihi chini ya wale watano, akawa wa sita. Nakala moja itakwenda kwa kila mmoja wa wale watano, na moja kwenye ofisi inayoshughulikia malalamiko ya wanunuzi. Jina lako halimo. Neno "fundi" halimo. Lakini chini ya jina la Mama nimepiga mstari wa saba na kuuacha mtupu, na nakala yako nimeiweka humu.

Barua yako ya Juni sikuichana, wala sikumwonyesha mtu. Nayo nimeirudisha humu. Ukitaka ichanwe, ichane kwa mkono wako.

Leo asubuhi nimekuja posta. Karani wa hapa ameniuliza kama bahasha zote nane ni zangu, nikasema ndiyo, kwa sauti aliyoisikia bila kuniuliza mara ya pili. Nimebandika stempu moja moja. Hii yako nimeibakiza wazi ili nimalizie mistari hii kwenye kaunta, kisha naifunga.

Mama ananisubiri nje. Yuko kwenye usukani, injini haijazimwa, na kiti cha mbele amekalisha mizani ya watoto, ameifunga mkanda. Kliniki wamemrudishia zahanati za Alhamisi. Mimi nakwenda naye kumwandikia uzito. Nitakaa nyuma kabisa, mahali pangu, na kiti nitakiacha pale kilipo.

Mpwa wako,
Karani